Kucha za Wiki Tatu

Mwanaamina uko wapi?? Shika simu, nimekwisha.

Niko saluni kwa Recho hapa Kasulu. Kucha zangu si unazijua, nimezitafuna mpaka kwenye nyama, hata za kubandika hazishiki. Recho akasema atanijengea za jeli juu ya vikaratasi vya kuumbia kucha. Nikamwambia jenga, Jumamosi navishwa pete.

Mkono mmoja tayari, wa pili uko kwenye taa ya kukaushia. Nani anaingia? Mama yake Dadi! Mama mkwe mwenyewe!

Akaziangalia weee. "Mwanangu, na udhu je? Maji yatapita wapi?"

Mimi na kiherehere changu: "Niko kwenye siku zangu, mama."

Kwenye siku zangu!! Na adhuhuri nimeswali!

Akatabasamu. "Aa, basi hakuna neno." Nikapumua. Halafu Recho, kwa kujisifia kazi yake: "Hizi mama zinakaa wiki tatu bila kutikisika!"

Wiki tatu, Mwanaamina.

Mama mkwe akanigeukia polepole. "Siku zako ni ngapi?"

Nikasema saba.

"Sawa. Ya nane nakuleta hapa mwenyewe, azitoe mbele yangu, niione mikono ya mkwe wangu."

Hajawahi kuiona! Kila nikienda kwake naificha kwenye mtandio!

Na hajaondoka. Amekaa kwenye benchi mlangoni, ananisubiri tutoke wote. Nakuandikia kwa dole gumba.

Kidole kimeingia mdomoni chenyewe. Nang'ata, nang'ata. Hazing'atiki.