Ulikaza Cheni, Ukasahau Breki

Binti yangu,

Pikipiki iko uani, usiiwashe. Jana ulikaza cheni vizuri, ila tairi liliporudi nyuma, breki ilibana nawe hukuilegeza. Leo asubuhi ikafuka moshi njiani, nikaisukuma mpaka kazini. Msimamizi, anayeletwa na gari la ofisi, akaniuliza, "Mzee, mgonjwa wako hajambo?" Kisha akanirudisha nyumbani kwa kuchelewa. Wakubwa hawajui kusukuma kitu. Naenda kwa miguu kumwambia meneja hivyohivyo.

~~Usiguse tena pikipiki yangu.~~ Legeza nati ya breki mwenyewe, spana iko dirishani. Tairi lizunguke bila kukwaruza, na ukikanyaga lisimame. Ijaribu uani kabla ya barabarani. Nimeshamzika mama yako, sina nguvu ya kuzika tena.

Baba yako