Ngozi ya Ng'ombe na Bima ya Ndege

Baba, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini nimeshindwa kuanza bila shikamoo. Ungenikata jicho huko huko uliko.

Niko nyumbani Gendabi kwa siku mbili. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua. Ng'ombe wako wanne wapo, na yule mwekundu amezaa tena, jike. Kiti chako tumekiacha palepale mlangoni, na nikipita bado nakikwepa kana kwamba umenyoosha miguu. Nimekukumbuka, Baba. Nimekukumbuka mpaka nikaona bora niandike.

Kuna habari hukuiwahi: najifunza urubani Arusha. Cheka tu. Wewe ndiye uliyesema anayetaka kuona Mlima Hanang kwa juu aupande kwa miguu. Ndege tunazokodi ni ndogo, za watu wawili, na milango yake ni myepesi kuliko wa banda letu la kuku. Ulivyokuwa mtu wa kuuliza, ungemchosha mwalimu wangu. Mimi nimemchosha kwa niaba yako.

Swali lililonikalia kichwani lilikuwa la bima. Kabla ya kuruka peke yangu nilipewa fomu nichague: nitegemee bima ya mwenye ndege, au nikate yangu. Ya kwangu nayo ilikuwa ya aina mbili. Moja inalipa nikiumiza watu au kuharibu mali zao, nyingine inaongeza na uharibifu wa ndege yenyewe. Nikamuuliza dada wa bima, mbona ndege tayari ina bima kubwa, ikivunjika si italipwa? Akanijibu taratibu: "Atalipwa mwenye ndege, mdogo wangu. Halafu kampuni yake ya bima inaweza kukugeukia wewe ulipe."

Baba, hilo sikulitegemea. Kichwani mwangu kukodi ndege kulikuwa sawa na kupewa ng'ombe wa kufuga. Unamkumbuka ng'ombe wa Mzee Gida, yule Mdatoga wa Gehandu aliyetupa tumfugie, maziwa yawe yetu, ndama wawe wake? Ng'ombe huyo alipokufa kwa ugonjwa ulimchuna, ukaitupia ngozi begani, tukatembea asubuhi nzima mimi nikiwa nyuma yako. Mzee Gida aliitandaza, akaipapasa, akatafuta alama za meno ya fisi, maana fisi angekuwa uzembe wetu. Hakuziona. Akasema, "Pole, Baba Paskalina." Hakuna aliyemgeukia mwenzake. Tulipokuwa tunarudi uliniambia, "Tungeiacha nyumbani, tungelipa."

Sasa huku mdhamini wangu kwenye fomu alikuwa Mama. Ningechagua vibaya, ambao wangetoka zizini ni ng'ombe wako. Nikachukua ile bima yenye ndege ndani yake, ingawa ilinibidi nisubiri miezi miwili zaidi nikikusanya pesa yake ndipo niruke. Nilisoma kila mstari, hata yale maandishi madogo kama mayai ya chawa, kwa sababu nilitaka kujua wanakataa kulipa nini. Kuruka bila ruhusa ya mwalimu. Kuficha ajali. Hapo kwenye kuficha nikakuta mnaelewana, wewe na kampuni.

Mara ya tatu kuruka peke yangu nilitua kwa kishindo. Nilipoegesha, kipande cha kifuniko cha gurudumu la mbele kikadondoka. Hakuna aliyeona. Ningeweza kurudisha ufunguo nikanyamaza, na lawama ikamwangukia atakayefuata. Nilikaa humo ndani injini imezimwa, namuwaza yule mwekundu na ndama wake. Kisha nikashuka, nikakiokota kile kipande, nikakifunga kwenye kitenge changu na kukipeleka ofisini kwa mikono miwili.

Dada wa bima alikitazama, akanitazama. "Sasa mbona umekihamisha? Sisi tunataka picha ya pale kilipoangukia!" Nikamweleza habari ya ngozi. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akaandika maelezo yangu yote. Fundi alipoikagua ndege akakuta ufa kwenye mguu wa gurudumu, mahali ambapo kwa macho ya kawaida huoni kitu. Kesho yake ingerushwa na binti mwingine anayeanza kama mimi. Bima imelipa. Ng'ombe wako hawajaguswa.

Kuna jambo moja bado najiuliza, na wa kumuuliza ni wewe tu. Ile asubuhi ya Gehandu, uliogopa? Mimi nilikuwa nyuma, niliona ngozi tu mgongoni kwako, na ulikuwa unatembea haraka. Nilidhani una haraka ya kurudi shambani. Siku ile ya kitenge nami nilitembea haraka vilevile, ili miguu isipate nafasi ya kugeuka.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza. Na nakuahidi hivi: nikiharibu cha mtu, nitafika kwake na ngozi kabla hajaanza kuuliza ng'ombe yuko wapi.

Mwanao,
Paskalina