Maua Juu ya Kiatu

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mayai mawili leo. Viini nimevikoroga na rangi. Ute nimeukaanga, ndio chakula cha mchana. Bila kuku wa Mama Amina, jirani yangu, nisingekuwa mchoraji.

Leo kayaleta mumewe, sajini. Akaona ubao mkubwa uliofunikwa shuka. "Afande napenda picha kubwa. Jumamosi mimi nalete yeye, achukue hii." Shuka hakuinua.

Jumanne, 5 Machi
Chini ya shuka kuna gari lenye meno. Mdomoni mwake kiatu cha kaka Dominiko, kile kilichobaki barabarani Kyambogo askari walipomtia kwenye buti ya gari. Kiatu cha pili kimekaa mezani, kinakunywa chai. Nilikichora mwaka juzi.

Niuchome? Sajini ameshauona. Mwingine wa ukubwa huo sipati, Katwe nzima nimezunguka.

Jumatano, 6 Machi
Nimefuta kwa kitambaa kibichi. Wapi! Rangi ya yai ikiwa mpya hutoka kwa maji. Ikikaa miezi, ni kiini kilichokaukia sahani. Nikachukua msasa. Nilipofika kwenye kiatu, mkono ukagoma. Nimelia kama mjinga.

Alhamisi, 7 Machi
Maua. Maua juu ya kila kitu. Mayai saba yamekwisha. Nayachukia maua haya.

Jumamosi, 9 Machi
Afande amekuja, ananukia sabuni. Kayapenda. Nikamwambia picha hii isiguswe na maji. Akacheka. "Bibi yangu nasafisha kila kitu, hata mimi."

Wakaubeba. Nilidhani nitapumua.

Jumapili, 17 Machi
Sili. Gari likipunguza mwendo nasimama nyuma ya mlango. Kitambaa kimoja kibichi tu, basi, nimekwisha. Naogopa, na nina hasira kwamba naogopa.

Ijumaa, 22 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama Amina kaleta mayai sita. Si yake. Katumwa na mke wa afande.

Ua moja limetoka alipokuwa akipangusa. Kilichokuwa chini amekiona. Hajamwambia mumewe. Afande yuko Gulu hadi Jumatano, kwa hiyo niende Jumatatu na brashi zangu.

Nimeyapanga mayai kwenye bakuli. Mama Amina alikuwa ameshafika mlangoni, akakumbuka. Yule mama ameomba jambo moja tu: safari hii rangi isitoke.