Mota ya Shemeji Hosea

Mungaa,
Jumapili mchana.

Dada Editha,

Shikamoo. Za kazi hapo hospitali Kiomboi, na miguu je, bado inavimba ukitoka zamu? Mama anauliza kama unakula au unaishi kwa chai na karanga. Sisi huku wazima, mtama tumeshavuna, upepo ndiyo huu huu wa Singida unaoujua. Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Dada, kwa simu ungenikata kabla sijafika katikati, na hii habari ukiikata katikati inakuwa mbaya zaidi.

Unachotaka kujua ni kimoja: Jumamosi, kwenye harusi yako, nitarusha droni au sirushi. Jibu lipo, ila acha lipitie njia yake.

Harusi ya Gerald wa mjomba hukuwepo, ulikuwa zamu, kwa hiyo umesikia ya watu. Nikupe yangu. Nilikuwa narusha vizuri kabisa. Unajua nimejifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu, sikufundishwa na mtu, na hapo ndipo kichwa kilipokuwa kikubwa. Nikasema niipitishe katikati ya miti nyuma ya turubai, watu waone. Wakaona. Iligonga mzinga wa Baba mkubwa Mughwai, ule wa gogo unaoning'inia kwenye mgunga. Droni ikaanguka, nyuki wakainuka. MC aliingia chini ya meza ya keki akiwa bado na maiki, kwa hiyo sala zake tulizisikia wote. Maharusi wakajifungia kwenye gari. Mchungaji alifupisha baraka mpaka ikabaki amina. Baba mkubwa yeye hakuuliza nani kaumwa. Alisema nyuki wake wamekaa pale tangu mimi sijazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kuwapigia hodi namna ile.

Toka siku hiyo naitwa Rubani wa Nyuki. Mama mdogo Klara akiniona nakuja anajifunika kanga kichwani, hata nikiwa nimebeba ndoo ya maji tu. Ndipo nikakupigia nikakwambia mota ya droni imeungua, mtafute mpiga picha mwingine. Ukasema haya, utatafuta, na mimi nikajua nimekuumiza, maana ulishawatangazia wenzako wote wa wodini kwamba mdogo wako ndiye atakayekupiga picha kutoka juu.

Kumbe mchumba wako, shemeji Hosea, hakukubali. Alipoenda semina Dar akazunguka maduka, akaipata mota, akaituma kwa basi na kikaratasi kwamba shemeji nisikate tamaa. Sasa nikakosa pa kujificha. Maana dada, tatizo lilikuwa mikono. Nikiiwasha tu, mlio wake nausikia kama wa nyuki wale. Ikifika usawa wa kifua vidole vinaanza kucheza, naishusha.

Aliyeniokoa ni Mama, na wala hakuwa na nia hiyo. Ndege wale kwelea kwelea walikuwa wanamaliza mtama, amepiga debe kuwawinga tangu alfajiri mpaka bega limekufa ganzi. Akaja akanikuta nimejilaza, akasema kama kile kidude kazi yake ni kelele basi kikapige kelele shambani. Nikamwambia mikono inatetemeka. Akasema hata yake inatetemeka, na yeye anabeba debe.

Nikarusha chini chini, juu ya masuke. Mikono inatetemeka, droni nayo inayumba huku na huku kama mwewe aliyelewa. Ndege kuiona vile waliondoka wote, hadi wa shamba la jirani. Mama akafurahi, akasema kumbe nina kipaji. Kesho yake tena, kesho kutwa tena. Wiki ya pili mikono ikatulia, droni ikawa inaenda imenyooka kama rula, na ndege wakaizoea. Mmoja alikaa kwenye suke, akaitazama inapita, akaendelea kula. Mama akanifokea kwamba nimeharibika, nitetemeke kama mwanzo. Nikajaribu kuitetemesha makusudi, dada, nikashindwa. Nilicheka peke yangu pale shambani. Siku hiyo hiyo nikaipandisha juu kabisa, upepo unavuma, nikaiona Mungaa nzima na mawe yake, nikaishusha nikaidaka kwa mkono.

Kwa hiyo kurusha naweza. Ila kuna jambo.

Mota haikuungua. Haijawahi kuungua. Siku ile kilivunjika kipangaboi kimoja cha plastiki, kile kibawa kinachozunguka juu ya mota, nikakibadilisha jioni ile ile kwa cha akiba. Niliona bora useme droni imekufa kuliko useme mdogo wako anaogopa. Mama alijua mapema, aliona taa zinawaka chini ya kitanda akaniuliza ni maiti gani inakonyeza macho. Mota ya shemeji iko kwenye boksi lake, hata plastiki sijaitoa. Na mimi huyu huyu nilimpigia nikamwambia asante, imekaa sawasawa. Sasa nasikia ameandaa hotuba ya ukumbini, jinsi alivyoifufua droni ya shemeji yake na kwamba ndoa yake ataitunza hivyo hivyo. Siwezi kumwacha asimame aseme vile mbele ya wakwe zake, na mimi niko juu ya kichwa chake na mota ya zamani.

Naja Alhamisi. Ijumaa asubuhi nitamfuata na boksi mkononi nimwambie mwenyewe, usinisaidie. Nimetaka wewe ujue kwanza ili ukasirike ukiwa mbali. Akisema hanitaki juu ya harusi yake nitapanga viti, na nitavipanga vizuri.

Mama anakusalimu sana, nakuja na unga wake wa mtama na kuku wawili. Wasalimie wa wodini. Ukishamaliza kusoma nipigie. Nitapokea, hata kama najua utakachosema.

Ni mimi mdogo wako,
Alute