Wamesema Hakuna Aliyewahi Kupima

Goreti, mwanangu,

Ni minye, mama yako. Sijui barua ya marehemu inapelekwa wapi, lakini leo nimekasirika, na muntu niliyezoea kumwambia hasira zangu ni weye.

Asubuhi walikuja watu wa projeti mpya. Wameteremka pale kwenye hanga la zamani la pamba, lile ghala la kampani, wamevaa gile, vile vizibao vya kung'aa, wakaanza kuchimba udongo na kuutia katika vifuko, kama ulivyokuwa ukifanya kwa projeti ya kwanza. Wanataka kujua kama ardhi ile inafaa kujengwa soko na kugawanywa kuwa mashamba ya waliokimbia vita. Mkubwa wao akamuuliza shefu wa kijiji, "Hapa kulishapimwa siku moja?" Shefu akatazama viatu vyake. "Hapana, mukubwa. Ninyi ndio wa kwanza."

Goreti, nilikuwa nimesimama palepale, jembe begani.

Shefu huyohuyo! Siku uliyorudi na majibu ya labo kutoka Bujumbura alikuwepo, na kijiji chote cha Nyakabere kilikuwepo. Tulikuwa tumeshaimba kulikaribisha soko, tumeshagawana kwa maneno nani atauza ndagala upande gani. Ukasimama ukaeleza kwamba dawa ya kupulizia pamba, ile ambayo kampani iliiacha kwenye mapipa ikaondoka, ilimwagwa na askari waliotaka kuyauza mapipa matupu, ikaingia udongoni. Kusilimwe. Maji ya kisima cha hanga yasinywewe. "Kusafisha kunawezekana," ulisema, "lakini tusafishe kwanza, tujenge baadaye." Wenye projeti ile ya kwanza waliposikia kusafisha, wakasema bajeti ya hiyo haiko. Wakapanda gari. Hatukuwaona tena.

Hasira yote ikakuangukia weye. "Mutoto wetu mwenyewe ametukosesha soko." Shefu akakuambia mbele ya baba yako, "Ungenyamaza tu." Ukamjibu, "Papa shefu, hata ningenyamaza, muhogo ungejua." Baba yako akakaa siku nyingi bila kukusemesha. Kanisani ukikaa kwenye benchi, watu wanasogea mbali nawe. Weye ukachukua panga, ukakata matawi ya miyenzi, ile minyaa yenye utomvu mkali, ukayapanda kama ua kuzunguka ardhi ile peke yako. Ulirudi macho mekundu kwa utomvu, nikakuosha kwa maziwa. "Mama, bora wanichukie wakiwa wazima," ulisema. Na minye nilikujibu nini? Nilikuambia ule, chakula kinapoa.

Kisha vita ikashuka tena. Watu wakaja kutoka Runingu na magodoro kichwani, wakaona hanga lina bati, wakaingia. Ukakimbia kwenda kuwaambia wasichote kwenye kile kisima. Nilikuita. Milio ya risasi ilikuwa bado mbali, nilidhani utawahi kurudi. Mama mmoja uliyekuwa umemnyang'anya bidon lake la maji ndiye aliyekuja kuniambia umeanguka kwa risasi. Hata jina lako hakulijua. Alisema, "yule dada wa maji."

Miyenzi yako iling'olewa kupisha vibanda vya wakimbizi. Mahindi yameota pale, marefu, ya kijani kuliko yangu, na watu wananionesha kwa kidole: "Mama Goreti, angalia sumu ya mutoto wako." Mungu anisamehe, kuna asubuhi naamka nikitamani kuyakuta yamekauka. Halafu nasikia watoto wa kule wana tumbo lisilopona, najua ulisema kweli, na kweli hiyo hainifurahishi hata kidogo.

Basi leo shefu aliposema vile, niliweka jembe chini. Nikasema, "Mutoto wangu alipima. Anaitwa Goreti. Amezikwa nyuma ya kanisa." Yule mukubwa akauliza, "Mama, alikuta nini?" Nikamweleza mapipa, askari, kisima, yote kama ulivyoeleza. Akasema atarudi na majibu. "Majibu tunayo," nikamwambia. "Rudi na watu wa kusafisha." Akacheka kidogo, kwa adabu, kama wanavyowachekea wazee. Simuamini. Wakisikia risasi moja tu wataondoka, na ardhi itabaki na sisi.

Shefu alinipita njiani bila kunisalimia. Na apite.

Kuna binti mmoja kule, Zawadi, ana mimba kubwa, bwana wake hajulikani alipo. Kibanda chake kimegusana na kisima. Jioni hii nimekwenda kumchukua. Nimempa chumba chako, mwanangu, usinikasirikie. Nguo zako nimezihamishia kwangu, isipokuwa kile kitenge cha bluu, hicho nimemwachia. Hana kitu cha kumfungia mutoto atakapozaliwa. Baba yako ndiye aliyebeba godoro lake. Alilibeba kichwani, tukapita katikati ya kijiji watu wakiangalia.

Lala sasa. Nakuahidi, kesho naenda kumchukua na yule mama wa kibanda cha pili na watoto wake, hata kama itabidi minye na baba yako tulale jikoni.

Mama yako