Kura ya Othaya

Da Rukia,

Salamu kutoka kwenye baridi! Niko Othaya kwao rafiki yangu Wanjiru, nimevaa masweta mawili, na sijutii kuja. Unajua nilivyokuwa nikiwacheka watu wa huku kwa kugeuza L kuwa R? Leo wamenipata.

Mchana tumekula na Mmarekani, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu. Alifundisha hapa akiwa kijana, na mamake Wanjiru alikuwa mwanafunzi wake. Akarudi kwao akawa diwani, kisha meya, kisha mbunge kwa miaka mingi, mpaka majirani zake wenyewe walipomwangusha kwenye uchaguzi uliopita. Kiswahili chake chote ni cha Othaya.

Nikamuuliza, maana unanijua sina haya, kama atagombea tena.

"Hapana," akasema. "Kura imetosha. Nimekuja kura."

Nikaona huyu hajielewi: kura hataki, na kura ndiyo iliyomleta? Kumbe amekuja kula! Alivyoniona nimeduwaa akacheka mpaka akatokwa na machozi, na si yote yalikuwa ya kucheka. Mamake Wanjiru akamwongezea mukimo, ule mseto wao wa viazi na mahindi, mpaka sahani ikafurika.

"Kura, mwarimu," akamwambia. "Ya hapa hakuna mtu anahesabu."

Nawakumbatia wewe na watoto, Mungu awaweke. Na mama akiuliza, mwambie mwanawe anakura vizuri.

Salma