Theluji ya Nadine

Ijumaa, 2 Februari 2024

Tumerudi Kibondo. Kichwa kizito. Daktari wa macho kule Kasulu hakuzungusha maneno — Nadine ana presha ya macho. Miaka tisa tu, binti yangu! Matone asubuhi na jioni, turudi tarehe 25 Aprili. Ila akianza kukosea rangi hafifu tusisubiri tarehe, twende mara moja, maana kinachopotea hakirudi. Nililia pale nje ya mlango mpaka pua ikavimba. Nadine ananitazama tu.

Jumapili, 4 Februari

Zena wa jirani, anayefundisha chekechea, kaja na kitabu cha picha za kupaka rangi na penseli zake. Cha wafadhili. Kurasa zote theluji! Nyumba theluji, miti theluji. Nikamuuliza, sasa tunapaka nini hapa, si nyeupe tayari? Akacheka. Eti theluji haipakwi, kinachopakwa ni kivuli chake. Unaamua jua liko wapi, upande ule unauacha kabisa, karatasi yenyewe inatosha. Upande wa pili bluu mpauko, penseli umeilaza, mkono mwepesi, viduara vidogovidogo. Kwenye mashimo zambarau kidogo. Chini ya miti kijivu. Mbingu zikolee, ndipo theluji ing'ae.

Nikaelewa hapohapo — mimi si mfua nguo? Shati la shule bila buluu ya kufulia halijatakata, hata ulisugue vipi.

Nikamnong'oneza Zena: kitabu hiki ndicho kipimo changu. Rangi hafifu zote ziko humu. Akikosea tu, tunarudi kwa daktari.

Jumanne, 6 Februari

Nimejaribu ukurasa mmoja mwenyewe. Nimekandamiza penseli kama nasugua kola. Theluji imekuwa ziwa! Nadine kaupapasa, kacheka: Mama, mkono wako mzito. Wake mwepesi kweli. Kachukua bluu mpauko bila kuuliza. Asante Mungu.

Ila anatafuna penseli, huyu! Nimemfokea. Zote zina alama za meno upande wa nyuma.

Jumatano, 14 Februari

Majivu kanisani. Kurasa sita sasa, hajakosea hata mara moja. Nimempigia baba yake, yuko shambani Kitahana. Nikamwambia macho ya mtoto yanashika. Ego, Imana ishimwe, akasema, Mungu asifiwe. Leo nimefua nikiimba.

Jumatatu, 19 Februari

Nimemnunulia penseli mpya dukani kwa Marselino. Zawadi yake, zile zimeliwa mpaka aibu. Kafungua boksi, kaanza kuzipapasa. Nikadhani ni furaha. Akawa anazigusa mwishoni, mojamoja, anarudia. Halafu akapaka. Kivuli chote cha theluji — njano! Na waridi juu ya bati.

Nikamuuliza hiyo rangi gani. Akasema bluu.

Yoo, Mana yanje, Mungu wangu.

Akaanza kulia, akasema yote. Alizitia meno makusudi. Alama moja bluu mpauko, mbili zambarau, tatu kijivu. Alizing'ata Jumapili ileile, uani, juani, ambako bado alikuwa anazitofautisha kwa shida. Kumbe alinisikia nikimnong'oneza Zena! Eti kule Kasulu ulilia, Mama. Sikutaka ulie tena.

Na mimi nikamfokea kwa kutafuna! Siku zote hizi naimba juu ya beseni, macho ya mwanangu yanazima. Mjinga mimi. Mjinga kabisa. Nimemkumbatia, nimemwambia hana kosa. Nikalia hivyohivyo, nifanyeje? Kesho basi la kwanza.

Jumanne, 20 Februari — Kasulu

Naandika kwenye benchi. Nadine yuko ndani, mlango umefungwa. Daktari kasema nibaki nje, anataka kumpima peke yake, asije akajikaza kwa ajili yangu. Nina hofu.

Kwenye basi aliniuliza kama atagombezwa. Nikamwambia atakayegombezwa ni mimi. Akauliza theluji ina baridi kiasi gani. Nikasema kama maji ya bomba alfajiri, na zaidi. Akaikunja mikono kwapani.

Nesi wa dirishani alisikiliza maelezo yangu, akaiweka kadi yetu juu ya nyingine zote. Sikuthubutu kuuliza kwa nini. Nikamwacha Nadine hapa benchini, karibu na mama mmoja aliyetoka kijiji cha Kitanga, nikaenda kumchotea maji.

Narudi na kikombe, nikasikia jina lake linaitwa. Nadine akainuka haraka. Akashika kitenge cha yule mama, akakivuta. Akamwambia, Mama, tumeitwa.

Yule mama akanitazama mimi. Nilikuwa hatua mbili tu, mbele ya uso wa mwanangu, namtabasamia, nimemnyooshea kikombe.